Supu Aliyoimaliza Mama Mkwe

Gesare mwanangu,

Hali yako sikuulizi, naijua. Saa hii uko kwa shangazi yako pamoja na mama yako, mnaaga, mmeongezewa sahani ya pili ya matoke, na hamtatoka huko kabla giza halijaanza kuingia. Mimi nimebaki na sufuria. Ile kubwa, tuliyopewa siku ya harusi. Iko jikoni tangu saa mbili asubuhi, na kila nikiandika mistari michache inanibidi niinuke nikaitoe povu. Kwa hiyo karatasi ikiwa na madoa ya mafuta usishangae, na barua ikiruka kutoka jambo moja hadi jingine ujue nilikuwa nimeinuka.

Mambo ya kufunga mlango, kupiga simu ukifika na kuvaa sweta asubuhi nimemwachia mama yako. Ana orodha, na kila siku inarefuka. Mimi nina jambo moja tu.

Kesho unaenda Nyamarambe kuanza kazi ya ualimu, na utaishi kwa Magokoro, mama yake mama yako. Unaenda kufundisha, na tumejivuna mpaka majirani wametuchoka. Lakini wewe na mimi tunajua kuna kazi nyingine inayokungoja pale nyumbani kwake. Magokoro hali chakula. Meno ya mwisho yalimtoka mwaka jana, halafu kifua kikamlaza hospitalini wiki tatu, na tangu arudi amekuwa mwepesi hata mjomba wako anamnyanyua bila kuhema. Wakimpelekea uji anaonja kijiko kimoja anaweka kando. Wakimpelekea nyama anawagawia wajukuu. Daktari amesema apewe supu ya mifupa, kidogo kidogo, kila siku. Hiyo ndiyo utakayoondoka nayo kesho kwenye boksi la barafu. Ninataka ainywe. Sijataka kitu namna hii kwa muda mrefu. Na iko sababu inayoweza kumfanya aikatae supu yangu. Wewe huijui, ingawa siku ilipotokea ulikuwa pale pale, umefungwa shuka, una siku nne duniani.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza unaenda kukifundisha, usije ukawaambia wenzako kwamba baba yako hakijui. Pili, kwa Ekegusii ningeshindwa. Unajua sisi na mama wakwe zetu. Ensoni, ile heshima ya mkwe, hairuhusu nimpe mkono, nile naye meza moja, wala niingie chumba alicholala. Kumtaja tu kwa lugha ya nyumbani najikuta nimeinamisha kichwa, na mtu aliyeinamisha kichwa haoni anachoandika. Kwa Kiswahili nitaweza.

Ulizaliwa Jumanne. Mama yangu alikuwa ameshafariki, shangazi yako alikuwa bado shule ya bweni, kwa hiyo Magokoro ndiye aliyekuja kumsaidia mama yako. Alikuja na unga wa wimbi na mkungu wa ndizi kichwani. Kulala kwangu alikataa, kama desturi inavyotaka, akalala kwa jirani. Mchana alikuwa na mama yako jikoni. Mimi nikikaribia nakohoa, naye anapita mlango wa nyuma. Siku zote hizo tulisalimiana kupitia kwa mama yako, hata pale tulipotenganishwa na ukuta wa udongo tu.

Alhamisi wageni wakaja kukuona. Nikachinja mbuzi. Wakala, wakaomba, wakaenda, wakatuachia karai zima la mifupa. Nami nikapata wazo: mzazi anahitaji supu, mifupa ipo, kwa nini itupwe? Ijumaa asubuhi nikakunja mikono ya shati, nikawaambia wanawake wote watoke jikoni. Walicheka mpaka wakashika ukuta. Katika ukoo wetu hakuna mwanaume aliyekuwa ameonekana na mwiko mkononi.

Sikujua lolote. Nilitia mifupa kwenye maji yaliyokuwa yakichemka tayari, nikachochea moto kama mtu anayefukuza nyuki, povu nikaliacha lizame humo humo. Halafu nikatupia mabua ya chinsaga yaliyobaki baada ya mboga kuchambuliwa, kwa sababu tu niliyaona yamekaa bure. Ikatoka supu ya kijivu yenye uchungu. Lakini ilinukia nyama, na mimi niliiona nzuri ajabu.

Tatizo likawa jua. Wakati ule mimi na mama yako tulikuwa wakali kuliko mchungaji mwenyewe: jua la Ijumaa likizama, moto haukokwi tena mpaka Sabato iishe. Sasa mzazi angekunywaje supu ya moto Jumamosi mchana? Hapo nikajiona mwerevu kupita watu wote wa Gesima. Niliifunika sufuria ikiwa inatokota, nikafunga mfuniko kwa kamba ya mgomba, nikaitumbukiza ndani ya kikapu cha kuchumia majani chai. Pembeni nikashindilia majani makavu ya mgomba, juu nikaweka blanketi. Kesho yake mchana ingekuwa na uvuguvugu wake, bila moto na bila dhambi. Asubuhi nilienda kanisani nikalielezea benchi zima uvumbuzi wangu.

Ngoja nikaangalie povu.

Nimerudi. Limekwisha, sasa maji yametulia na yanatikisika kidogo tu juu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kukaa.

Nilipotoka kanisani nilikuta sufuria imeoshwa, imeinamishwa juu ya kichanja cha vyombo, inang'aa. Kikapu kitupu. Mama yako amelala nawe kifuani, macho yake yako ukutani.

"Supu ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Mama anasema asante sana," akajibu. "Anasema ilikuwa tamu, akajikuta ameimaliza."

"Yote?"

"Yote."

"Na wewe?"

"Mimi nilikunywa uji."

Mama mkwe haulizwi maswali. Lakini moyoni nilichemka. Nilimwona mtu aliyekuja kumlisha mzazi, akamlia mzazi chakula chake. Jumapili Magokoro akaaga, akasema malaria imempanda. Nilimtazama kwa mbali akishuka njia ya mtoni, ameinama, mkono tumboni, nikasema kimoyomoyo: sufuria nzima, ataachaje kuinama. Gesare, neno hilo nililisema juu ya nyanya yako.

Lingebaki moyoni afadhali. Jumatatu tulipopeleka majani kwenye kituo cha kupimia chai, nikamsimulia baba yako mdogo, Nyakundi. Unaujua mdomo wake.

"Ati sufuria mzima?" akapaza sauti, foleni yote ikageuka. "Kwani huyo mama alikuja kuona mtoto ama alikuja kuona mbuzi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaongeza chumvi zangu. Kabla wiki haijaisha, mama mkwe wangu alikuwa amepata jina huku kwetu: Mama Sufuria. Na kwenye foleni ile palikuwa na mwanamke aliyeolewa kutoka kwao Nyamarambe.

Tangu siku hizo Magokoro hajatia kitu cha nyumbani kwangu mdomoni. Unaikumbuka ile chupa yake ya chai, ya bluu, ambayo haimtoki kwenye kikapu? Mlipokuwa wadogo mliigombania. Alikuja wadogo zako wote wawili walipozaliwa. Aliwaogesha, aliwaimbia, alisaga wimbi, na chakula kikiletwa alikuwa na jibu moja: "Nimeshiba, mwanangu." Kisha anamimina chai yake mwenyewe. Mimi nilifikiri ni aibu. Nilifikiri anajua alichokifanya na kinamsumbua. Nilikaa na wazo hilo miaka minane, na usingizi niliupata vizuri tu.

Kinachonichekesha hadi leo ni kwamba niliendelea kupika. Si nilikuwa nimeambiwa supu yangu ni tamu mpaka mtu mzima akashindwa kujizuia? Nilimkasirikia Magokoro huku nimevimba kichwa kwa sifa aliyonipa. Nikaanza kuweka mifupa. Mifupa ya Jumapili, mifupa ya kuku wa wageni, miguu ya ng'ombe ambayo mwenye bucha alikuwa akiwarushia mbwa. Wewe umekua ukinicheka: "Tata, leo umeokota nini tena?" Ukanikataza kabisa ile iliyogugunwa, ukisema hutakunywa mate ya wajomba. Katika hilo nilikusikiliza.

Na nilijifunza kwa kukosea, maana hakukuwa na mwanaume wa kumuuliza na wanawake walikuwa wakicheka tu. Nilijifunza kwamba mifupa huanza na maji baridi, na tone la ndimu, na kwamba moto mkali huifanya supu iwe tope. Mabua ya chinsaga niliyaacha baada ya mwaka mzima wa kumlaumu mbuzi. Maganda ya karoti, mizizi ya dhania na vile vichwa vya vitunguu ambavyo mama yako huvitupa vikachukua nafasi yake. Chumvi niliitia mapema, maji yakapungua, ikawa supu ya kuwalisha ng'ombe; sasa chumvi haiingii mpaka kwenye kikombe. Lakini siku zote tuliinywa siku ile ile, jioni, na haikupata nafasi ya kuharibika. Kwa hiyo kosa langu kubwa lilikaa limejificha miaka minane.

Ulikuwa darasa la tatu. Mama yako akashikwa na homa mbaya siku ya Ijumaa, na mimi nikakikumbuka kikapu changu. Nikafanya vile vile: sufuria hii, mfuniko, kamba, majani ya mgomba, blanketi. Sabato hiyo sikuenda kanisani, nilibaki kumuuguza. Saa saba nikafungua kwa mikono yangu mwenyewe.

Mfuniko ulipotoka, supu ilikuwa na viputo vidogo juu, kama pombe. Harufu yake ilinipiga usoni nikarudi nyuma. Nilisimama hapo na kamba mkononi. Niliitazama sufuria, nikakitazama kikapu, na polepole, kwa sababu mimi si mwepesi, nikamwona Magokoro akishuka njia ya mtoni na mkono tumboni.

Nikaingia chumbani.

"Mama Gesare," nikasema, "ile supu ya mtoto alipozaliwa. Ilikuwa imeharibika?"

Mama yako alikuwa na homa, lakini alikaa kitako.

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Niliona kwa macho yangu."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza lini?" akasema. "Wewe ulimuuliza Nyakundi."

Hilo lilinistahili, na bado linanistahili. Kisha akanisimulia. Magokoro alifungua kikapu, akanusa. Alimimina kikombe akanywa, akidhani labda ni uchungu wa mabua tu, maana hakutaka kuidharau kazi ya mkwe wake kwa kunusa peke yake. Akamimina nusu nyingine ili awe na hakika. Basi akawa na hakika. Alichukua jembe, akatoka mlango wa nyuma, akachimba chini ya mgomba, akamwaga supu yote pamoja na mifupa, akafukia. Akarudi akaisugua sufuria kwa majivu hadi ikang'aa. Tumbo lilikuwa limeshaanza kumkata, lakini aliimaliza kazi kwanza. Ndipo akamwambia mama yako: "Mwambie mume wako ilikuwa tamu, nimeimaliza."

"Nikamwambia, Mama, atafikiri wewe ni mlafi," mama yako alinisimulia. "Akasema, 'Wacha afikiri. Huyu ni mwanaume ameshika sufuria. Akiambiwa imeharibika, hatashika tena, na wewe bado unazaa.' Akaniapisha."

Nilitoka nikaenda kukaa katikati ya mistari ya chai, mahali ambapo mtu hawezi kuniona. Nililia, mwanangu. Kama supu ile ingemfikia mama yako, na alivyokuwa dhaifu, na wewe ukinyonya, sijui leo ningekuwa namwandikia nani. Magokoro aliizuia kwa mwili wake. Kisha akajitwika ulafi ambao hakuwa nao ili mimi nisione haya, nami nikauchukua huo ulafi nikauuza kwenye kituo cha chai.

Sufuria inaniita. Naepua.

Sasa nimeikalisha kwenye karai la maji baridi ya chemchemi, nimeichuja kwa kitambaa cheupe, na ninaikoroga kwa mkono wa kushoto huku naandika. Utaona mwandiko umelegea. Hivi ndivyo ninavyofanya tangu siku ile: supu ikitoka motoni haikai na joto lake hata kidogo. Inapozwa mbio, wazi, maji ya karai yakipata moto nabadilisha, na ikipoa inaingia kwenye chupa ndogo za mdomo mpana na moja kwa moja kwenye friji. Chupa sizijazi hadi juu. Za kwanza nilizijaza, barafu ikazipasua zote, nikamlaumu fundi wa friji. Nimewalaumu wengi katika kazi hii kabla ya kufika kwangu mwenyewe.

Utaniuliza kama niliomba msamaha. Nilijaribu. Nilianza na Nyakundi. Nilimwita mbele ya foleni ile ile, nikaeleza kila kitu, pamoja na jinsi nilivyocheka. Jina la Mama Sufuria lilikufa siku hiyo, ingawa lilichelewa. Kisha nikapeleka mbuzi Nyamarambe kupitia kwa mjomba wako mkubwa, na maneno niliyoyatunga usiku kucha. Mjomba alirudi na jibu: "Mama anasema, supu gani? Anasema amezeeka, hakumbuki. Kwa mbuzi anashukuru." Hakumchinja. Alimfuga, akazaa mapacha, na wale mbuzi mnaowakuta pale uani kila Desemba ni uzao wake.

Lakini alipokuja tena kwetu alikuja na chupa ya bluu. Ndivyo nilivyojua anakumbuka. Na mimi sikuweza kumfuata nikamshika mkono nikamwambia, mama, nisamehe. Heshima ile ile iliyomfanya anywe supu mbovu ndiyo iliyonifunga mimi mdomo. Mwezi uliopita alipolazwa nilienda hospitalini mara nne. Mara zote nne nilisimama nje ya mlango wa wodi, mama yako akaingia. Nilimsikia akikohoa. Nikamtuma mama yako amwambie nipo. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwambie arudi, chai yake itaharibika shambani." Basi nikarudi.

Wewe unaweza kuingia. Mjukuu na nyanya hawana mipaka. Utakaa kitandani kwake, utamlisha, atakutania kuhusu wachumba. Mahali ambapo mimi nimesimama mlangoni miaka yote hii wewe utapita ukiimba. Ndiyo maana nilipopata habari kwamba shule iliyokuchukua iko Nyamarambe, nilifurahi kwa namna ambayo hukuielewa. Ulifikiri nafurahia mshahara.

Mama yako na mimi tumebishana juu ya hizi chupa, na ni vizuri ujue. Yeye anataka useme ni yeye aliyepika. "Mama yangu atakunywa bila maneno," anasema, "si ndicho unachotaka?" Ndicho ninachotaka. Nimelifikiria kwa siku tatu, nikichuma chai, na kila mara nafika pale pale. Magokoro alishanywa uongo mmoja kwa ajili yangu. Sitampa mwingine, hata kama ni wa kumponya. Kwa hiyo akikuuliza ni ya nani, sema ni ya mkono wa Tata. Na asipouliza, sema vile vile.

Usiogope. Mimi siogopi, au naogopa kidogo tu. Ninamfahamu mama huyu kuliko anavyodhani, ingawa sijawahi kumtazama usoni kwa dakika nzima. Hakukasirika kwa sababu niliipika vibaya. Alikasirika kwa sababu nilimsema, na ana haki. Lakini mtu aliyechimba shimo chini ya mgomba huku tumbo linamkata, ili kijana mpumbavu asiache kupika, hawezi kutotaka kujua kama kijana huyo alijifunza. Supu hii ndiyo jibu lake. Ni safi, unaona hadi chini ya chupa, na ikikaa kwenye friji inaganda ikatikisika. Hakuna anayepika supu kama hii kuanzia Gesima hadi Keroka, na ukikutana na anayebisha mlete kwangu.

Wewe unafanana naye. Nimekuona ukila chakula kibaya cha watu huku ukitabasamu. Unaenda kuishi na watu wapya, na kazini utakuta walimu wakubwa, na utataka kuwa na adabu. Kuwa nayo. Lakini kitu kikiharibika, Gesare, kiseme kingali kwenye sufuria. Mtu akikukasirikia kwa hilo, atakukasirikia siku moja. Mimi ningeona haya siku ile ya Jumamosi, ningesusa hadi Jumatano, kisha ningeuliza namna ya kupoza supu. Namjua huyo kijana, ana kiburi lakini si mjinga kabisa. Na ukiona wewe jambo lisiloeleweka, sufuria tupu, mtu amebadilika, mwalimu mwenzako hakusalimu, nenda kwa mwenyewe ukamuulize. Usije ukalipeleka kwenye foleni kama baba yako.

Kwa Magokoro umeme hupotea, hilo unalijua. Ukipotea usifungue friji. Umeme ukirudi ukakuta chupa zimeyeyuka na zina uvuguvugu, usinionee huruma, usiihurumie mifupa, mwaga. Toa chupa moja tu kila jioni, ichemshe mpaka itokote kweli kweli, na kilichobaki kunywa wewe au mpe jirani, kisirudi kwenye chupa. Zikikaribia kuisha niambie, nitaleta nyingine. Nitakuletea hadi getini.

Mama yako naye amenipigia sasa hivi, mnakuja, mmefungiwa na matoke ya njiani juu ya yale mliyokula. Nimalize kabla hamjaingia, maana nikikuona na mabegi yako mlangoni sitaandika kitu tena.

Kesho jioni, mkishasalimiana na vumbi la safari limekutoka, washa jiko. Chemsha chupa ya kwanza mbele yake, pale anapoweza kuiona na kuinusa. Chukua vikombe viwili. Mwambie ni ya Tata. Kisha unywe wewe kwanza. Usionje tu, unywe kikombe chote, taratibu, ukimtazama, mpaka uone chini ya kikombe. Ukimaliza usiseme kitu. Yeye ataelewa kwamba safari hii mwenye kuonja si yeye.

Halafu mpe cha pili.

Akikichukua, usinipigie simu hapo hapo, utamharakisha. Mwache anywe kwa mwendo wake. Nitakuwa macho, simu ikiwa kifuani, na sitalala vizuri, lakini nitangoja. Nipigie asubuhi, kabla hujaenda shule, na usinieleze habari ndefu. Niambie neno moja tu, kwamba ameimaliza.

Tata